Orodha ya Wageni wa Papa

Jumamosi za Naserian hazikuwa zake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, karani katika shule moja ya sekondari pale Kitengela, wiki nzima akichapa barua za mwalimu mkuu na matangazo kwa wazazi wasiosoma matangazo. Ikifika Jumamosi, wenzake wakifua nguo na kunyoosha miguu, yeye alipanda basi la Namanga kwenda Kajiado kutibu kompyuta ya babake. Kutibu ndilo neno lenyewe. Mashine ile ilikuwa na magonjwa yote ya uzee, na kila wiki lilizuka jipya.

Mzee Kuntai aliinunua mwaka wa tisini na saba, baada ya kustaafu kazi ya afisa wa mifugo. Ofisi fulani ilikuwa inaondoa vifaa vyake vya zamani, kwa hivyo ilikuwa kuukuu tangu siku ilipoingia nyumbani. Skrini yake ilikuwa nene kuliko televisheni na ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Sasa mwaka wa 2009 ulikuwa unaisha, na ukiiwasha ungeweza kuinjika chai, ikachemka, ukainywa na kuosha kikombe, ndipo ukute inakusubiri.

"Naserian, mashine imekataa," babake angesema kwenye simu, kila Alhamisi au Ijumaa, kwa sauti ya kutangaza msiba.

"Imekataa vipi, Papa?"

"Imekataa tu."

Naserian alikuwa na ndugu mmoja, Nick, aliyefanya kazi Mombasa na ambaye mchango wake ulikuwa ushauri. "Mwambie azime, awashe," Nick alisema kila mara, kisha akarudi kwenye mambo yake akiwa na dhamiri safi. Naserian alimpenda ndugu yake, lakini kuna siku alitamani ile skrini imwangukie mguuni.

Kwa nini mzee mwenye miaka sabini na minne aling'ang'ania kompyuta hakuna aliyejua vizuri. Hakuandika barua. Hakucheza karata za kwenye skrini kama wastaafu wengine. Alikuwa na faili moja tu, iliyoitwa WAGENI, na hakutaka mtu asimame nyuma yake akiifungua. Mgeni akifika, mzee angemwomba mkewe ampe chai, aseme anakwenda kubadilisha koti, kisha aingie chumbani na kufunga mlango. Feni ya mashine ingenguruma humo kwa dakika kumi. Halafu angetoka amevaa koti lilelile, akimwendea mgeni mikono mbele, mchangamfu. Watoto walizoea. Papa na koti lake, walisema.

Basi Naserian aliamua kununua kompyuta mpya. Ulikuwa mwaka mbaya wa kufanya hivyo, maana kiangazi kilikuwa kimemaliza ng'ombe wa babake karibu wote, wakabaki wawili waliosimama kwa kushikiliwa, na mvua ilikuja wakati hapakuwa na wa kula majani. Lakini alikuwa amechoka. Alitaka Jumamosi zake zirudi. Hilo ndilo alilokuwa ananunua hasa. Kompyuta ilikuwa njia tu.

"Na wageni wangu?" babake aliuliza alipoambiwa. "Watahama?"

"Watahama wote, Papa."

"Hakuna mmoja atabaki?"

"Hakuna."

Aliipeleka ile mashine Kitengela kwa Gakuru, kijana mwenye duka la kutengeneza kompyuta nyuma ya stendi. Gakuru aliitazama kama mtu aliyeletewa punda ampige mswaki.

"Auntie, hii ulitoa wapi? Hii haina hata pa kuchomeka flashi."

"Toa faili moja tu, ni ya siri. Hayo mengine chukua."

Aliitoa kwa flopi, akaihamishia kwenye mashine yake, na mwishowe akampa Naserian kwenye flashi. Mabaki ya ile ya zamani yakawa yake, vipuri. Naserian alitoka dukani akiwa mwepesi, kama mtu aliyeshusha mtungi kichwani.

Jumatano, saa ya chakula cha mchana, na mandazi baridi mkononi, alifungua WAGENI kwenye kompyuta ya ofisi. Lilikuwa jedwali refu, mistari mia mbili na zaidi. Pakiteng, Bisil. Pakiteng, Bisil. Pakiteng, Bisil. Paker, Entarara. Pakiteng, Entarara. Pakiteng, Entarara. Aliteremka na kuteremka, na ilikuwa hivyo hadi chini.

Maneno hayo aliyajua, hakuwa mgeni wa mila za kwao. Mwanamume wa Kimaasai akimpa mwenzake ng'ombe, tangu siku hiyo wanaitana Pakiteng. Wakipeana kondoo wanaitana Paker, na wakipeana ndama, Paashe. Nyumbani kwao alikuwa amesikia maneno hayo maisha yake yote, yakipita juu ya kichwa chake pamoja na mvuke wa chai. Lakini alikuwa na njaa, na barua kumi na moja za mwalimu mkuu zilikuwa zinamngoja, na alichoona pale ni mzee aliyebonyeza kitu kimoja mara mia mbili kwa sababu hajui kuhifadhi. Mistari mingine kweli ilijirudia neno kwa neno, hata mara nne. Akacheka, kicheko cha uchovu. Programu ilikuwa na amri ya kuondoa yanayojirudia. Akaiambia iangalie jina na mahali, akabonyeza. Ikabaki mistari thelathini na mmoja, safi, inayosomeka, akaihifadhi papo hapo kwenye flashi. Alisikia raha ile ya kufagia uwanja. Safu ya tatu, ya kulia kabisa, iliyojificha nje ya skrini, hakuiangalia.

*

Jumamosi iliyofuata aliteremka Kajiado na maboksi mawili, akasaidiwa na mwenye bodaboda, na kufika nyumbani jasho likimtiririka. Babake alikuwa amekaa nje. Naserian aliinamisha kichwa, mzee akamgusa utosini kwa kiganja, kama alivyofanya tangu alipokuwa msichana wa shule.

"Takwenya, Naserian," alimsalimu.

"Iko, Papa."

"Wageni wangu wako?"

"Wako. Hata nimekusafishia."

Mamake, Elizabeth, alikuwa anajifunga kitambaa kwenda kwenye kikao cha akina mama kanisani. Aliitazama skrini mpya, nyembamba kama sinia. "Hii ndiyo itatuletea amani?" aliuliza, akaondoka bila kungoja jibu.

Ilipofika saa tano, kila kitu kilikuwa kimeunganishwa. Mashine iliwaka upesi mpaka mzee akarudisha mkono nyuma. Naserian alimfundisha kusogeza mausi, na mzee akaisogeza kwa upole aliowahi kuwapimia nao ndama homa. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Naserian alianza kupanga Jumamosi ijayo: angelala hadi saa tatu, angesuka nywele, angekaa tu.

Ndipo simu ya mzee ikalia. Naserian akaipokea kwa sababu mzee alikuwa na mausi mkononi.

"Hamjambo huko? Mimi naitwa Kakenya, natoka Entarara. Niko na baba yangu kwa pikapu, tumepita Bisil sasa hivi. Alisikia ng'ombe wa mzee waliisha, anamletea mtamba mmoja. Ni yule mzee mrefu, amekatika kidole. Mzee wako atajua."

"Karibuni sana," Naserian alisema, na moyo wake ukafurahi kweli. Mtamba mmoja si boma, lakini ni mwanzo. Akamwambia babake.

Mzee hakufurahi. Akasema, "Wacha nibadilishe koti."

"Uko nalo, Papa. Umelivaa."

"Toka kidogo, Naserian."

Alitoka, lakini mlango wa chumba kile ulikuwa umevimba kwa mvua na haukufunga. Alimwona babake akifungua WAGENI. Akamwona akiteremsha orodha, akiipandisha, akiiteremsha tena. Kidole chake kilitembea kwenye kioo kama cha mtoto anayejifunza kusoma. Kisha akageuka.

"Wengine wako wapi?"

"Wengine gani?"

"Entarara niko na watu kumi na mmoja. Hapa kuna watatu. Mfupi mwenye kipara. Yule wa jicho moja. Na mwingine alikufa. Wa kidole hayuko."

Naserian alisogea, akasoma safu ya tatu kwa mara ya kwanza. *Mfupi, kipara, hucheka kabla ya kusema.* *Jicho la kushoto halioni, usimpe kiti cha upande huo.* Kila mstari ulikuwa mtu.

"Nilifikiri umerudia, Papa. Ilikuwa Pakiteng, Pakiteng, Pakiteng."

"Wengine nimerudia," mzee alikubali. "Nilikuwa nasahau nimeshawaandika. Wengine si kurudia. Ni watu."

"Lakini mbona hukuandika majina yao?"

"Hilo ndilo jina. Nikishampa mtu ng'ombe, jina la kwao limekwisha kati yetu. Nikimwita hilo la kwao, ni kama namwambia ng'ombe hakuwa kitu. Na nikimwita Pakiteng na yeye ni Paker, hiyo nayo ni aibu. Anajua nimemsahau."

Naserian alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Dakika kumi za feni, miaka yote hiyo. Koti lilelile. Aliona haya kwamba yeye na Nick walikuwa wakicheka.

"Tangu lini, Papa?"

"Mwanzo niliandika tu, kwa kupenda. Halafu nikaanza kuihitaji. Kabla ya kiangazi hiki, kabla ya kile kingine." Alizungumza akiitazama skrini. "Nyuso ninazo. Huyu anakuja, namjua vile najua huu mkono. Tulichanja ng'ombe pamoja mpaka usiku. Ni neno limetoka. Nikilitafuta nakuta pahali pake ni peupe."

"Yeyo anajua?" aliuliza, akimaanisha mamake.

"Hapana. Na asijue."

Alitoka uani na kumpigia Gakuru.

"Ile diski niliifuta juzi, Auntie. Nimeshaiweka kwa mashine ya mteja, akaenda nayo."

"Na faili ulihamishia kwako?"

"Nilifuta nikishakupa. Si ulisema ni ya siri?"

"Na flopi?"

"Ilikuwa inasoma kwa shida, nikatupa. Kwani kulikuwa na kitu?"

Naserian alitazama barabara. "Hapana," akasema. "Hakukuwa na kitu." Hakuwa na nguvu ya kueleza. Alimpigia mamake pia, pengine yeye angejua wanaitana nani, lakini mamake kwenye vikao vya kanisa huzima simu, tena kwa kujivunia.

*

Pikapu iliingia saa sita na nusu, imechafuka kwa matope hadi madirishani, na mtamba mwekundu nyuma amefungwa kamba. Aliyeendesha alikuwa mwanamke wa rika la Naserian, mwenye viatu vya mwalimu na macho ya mtu aliyeamka alfajiri. Mzee mrefu aliteremka upande wa pili, polepole, akaiweka shuka yake sawa begani, akachukua fimbo.

Naserian aliinamisha kichwa na mgeni akamgusa. Alitumaini mgeni atapaza sauti yeye mwenyewe kwanza. Hiyo tu ndiyo njia iliyobaki: kwa sababu wanaitana jina moja, mgeni akilitamka, babake atalirudisha, na mambo yatakwisha vizuri. Lakini mgeni hakusema kitu. Alisimama karibu na pikapu akingoja.

Mzee Kuntai alitoka mlangoni. Akashuka kidato kimoja, akasimama. Wazee wale wawili walitazamana, na mtu yeyote angeona wanapendana. Ilikuwa kwenye mabega yao. Hakuna aliyefungua mdomo. Mtamba alikohoa.

Kakenya alimsogelea Naserian, akanong'ona bila kumtazama. "Dada, wewe unajua wanaitana nani?"

"Mbona?"

"Ananiuliza tangu Kimana. 'Mimi na huyu tunaitana nani?' Nikamwambia sijui, mimi wa kujua nini. Amesema atangoja wenu aanze."

Naserian alimtazama, akaona uchovu anaoujua, uleule wa Ijumaa jioni, na jambo hili, badala ya kumliza, likataka kumchekesha. Akajizuia. "Wetu pia anangoja wenu," alinong'ona.

Wakasimama wote wanne, na watano ukimhesabu mtamba. Naserian alisikia kimya kile kikivuka mipaka ya adabu. Kikizidi kidogo tu kingekuwa tusi, na urafiki wa miaka thelathini ungeingia doa uwanjani, mbele ya binti zao. Na yeye ndiye aliyefanya hivyo, kwa kubonyeza mara moja, saa ya chakula cha mchana. Aliomba. Hakujua anaomba nini.

Macho ya babake yalitoka kwa mgeni, yakaenda kwa mtamba, yakakaa hapo. Alimtazama namna alivyotazama mifugo kazini: kwato, mgongo, macho, meno angeyafikia baadaye. Kisha akarudi kwa rafiki yake na kunyoosha mikono yote miwili.

"Pakiteng," alisema.

Uso wa mgeni ulifunguka. "Pakiteng," alijibu, kwa sauti ya mtu aliyepewa maji. "Pakiteng, Pakiteng. Supa."

"Ipa," Mzee Kuntai aliitikia salamu.

Walishikana mikono na hawakuachana. Waliingia ndani hivyo, wakiitana neno hilo kila sentensi, zaidi ya inavyotakiwa, kama watu waliookota kitu njiani na hawataki kukidondosha tena. Kakenya aliegemea pikapu na kufumba macho. Naserian alimletea chai pale pale, na wakainywa wamesimama.

Mamake alirudi saa tisa. Aliingilia jikoni, akavua kitambaa, akachukua kisu na viazi. Kutoka sebuleni sauti za wazee zilisikika. Pakiteng, unakumbuka ule mwaka wa ugonjwa wa midomo? Nakumbuka, Pakiteng. Kisu kikasimama.

"Huyo ni wa Entarara," mamake alisema. "Wa kidole."

"Ndiyo."

"Hao ni Paker. Alimpa kondoo nilipomzaa Nick. Mafuta yake nilikunywa mimi."

"Yeyo, wacha," Naserian alisema. "Tafadhali wacha tu."

Mamake aliendelea kumenya. Ganda lilitoka refu, bila kukatika. "Nimewacha," alisema. "Nimewacha miaka mitatu. Unafikiri ni nani alikuwa anampa kila mgeni vikombe viwili vya chai, mpaka ile mashine yake iwake?"

Naserian alimtazama mamake, mikono yake, kile kiazi, na alisikia huruma kubwa kwa wote wawili mpaka ikawa kama hasira. Watu wawili katika nyumba ya vyumba vitatu, kila mmoja akimfichia mwenzake kitu kilekile.

"Na hii mpya inawaka haraka," mamake aliongeza. "Sasa sijui nitawakalisha na nini."

"Nilifuta orodha, Yeyo. Karibu yote. Haiwezi kurudi."

Kisu hakikusimama mara hii. "Waliokula kwangu nawajua. Waliokula kwingine, wamepotea. Nitakuwa nakuambia na wewe utaandika. Lakini usiandikie hapa akuone. Andikia huko Kitengela, halafu ukija unaweka, kama vile ilikuwa ndani siku zote."

"Ni watu mia mbili."

"Kwa simu sitaki, anasikia. Uje."

"Lini?"

"Jumamosi," mamake alisema. "Si ndiyo siku unakuja?"

Sebuleni wazee walikuwa wamehamia kwenye hadithi nyingine. Naserian alitafuta karatasi, akapata risiti ya maboksi ya kompyuta, akaigeuza upande mweupe. Aliandika Entarara, kisha mrefu, kidole kimekatika. Kwenye safu ya jina alisita.

"Niandike nani?"

Mamake alisikiliza kidogo zile sauti za upande wa pili wa ukuta.

"Andika vile wanaitana," alisema, akamsukumia viazi vilivyobaki.